Mtoto anajua kutafuta KDS lakini hajui kama 3/8 inafika nusu: tuzungumzie ufundishaji wa sehemu

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha hisabati madarasa ya chini. Uzi huu ni wa walimu wenzangu na wazazi mnaokaa na watoto jioni kwenye mazoezi. Mada ni sehemu, zile za namba ya juu na namba ya chini. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kuna jambo linanisumbua. Mtoto anajumlisha 1/6 na 3/8, anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 6 na kwa 8), anafuata hatua zote, anapata 13/24, unampa vema. Halafu mwulize swali la pembeni: hiyo 3/8 inafika nusu? Anabaki kukutazama. Kwake 3/8 si namba. Ni 3, na 8, na mstari katikati, na kila moja ameelekezwa aifanye nini.

Msimamo wangu ni huu: mtoto asipewe kanuni hata moja ya sehemu kabla hajaweza kukuonyesha kwa kidole sehemu hiyo inakaa wapi kati ya 0 na 1, au mbele ya 1. Kanuni zije baadaye, na nyingine atazigundua mwenyewe.

Vifaa ni karatasi, tena hata iliyoandikwa upande mmoja. Kata kanda ndefu zenye urefu uleule na kila mtoto apate kadhaa. Ukanda mmoja usikunjwe, huo ndio "moja". Wa pili ukunjwe katikati, wa tatu mara mbili upate robo, wa nne mara tatu upate moja ya nane. Theluthi iache ya mwisho kwa sababu kukunja vipande vitatu sawasawa kunawashinda hata watu wazima. Lakini usiwakunjie. Wakihangaika na theluthi ndipo neno "sawa" linapata uzito, maana mtoto akikunja ovyo, vipande vinamsuta mwenyewe.

Hapo kwenye usawa kaeni kidogo. Chora mstatili, upige mistari mitatu ya wima bila kupima, tia rangi kipande kimoja, uliza: hii ni robo? Wengi watasema ndiyo, "viko vinne, kimoja kina rangi". Kisha chora mstatili mwingine, upige mistari miwili kutoka kona hadi kona. Pembetatu nne zitatokea, mbili nyembamba na ndefu, mbili pana na fupi. Hapo watasema si robo kwa sababu hazifanani. Ni robo! Eneo lake ni lilelile. Mwenye wasiwasi akate kila pembetatu vipande viwili kutokea kileleni hadi katikati ya kitako, avipange, aone.

Baada ya kukunja, hesabuni kwa sauti: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano, robo sita. Msisimame kwenye nne! Kosa kubwa la vitabu vingi ni kumfungia mtoto ndani ya kitu kimoja kwa miezi, kisha siku moja anatupiwa 7/4 na kuambiwa hii inaitwa sehemu guni. Aliyezoea kuhesabu robo hashtuki. Robo saba ni robo saba, nne zinatimiza moja, zinabaki tatu. Namba mchanganyiko, yaani 1¾, umeshaifundisha bila kuitaja.

Mwisho, laza ukanda kwenye mstari wa namba, mwanzo wa ukanda kwenye 0, mwisho wake uwe 1. Weka alama kwenye mikunjo. Endelea na ukanda wa pili hadi 2. Angalieni makosa mawili hapa. La kwanza, mtoto anahesabu alama badala ya nafasi, na 0 anaihesabu kama moja, kwa hiyo robo tatu yake inaangukia kwenye nusu. La pili linafichika zaidi: mpe mstari wa 0 hadi 4, mwambie aweke 1/2. Ataiweka kwenye 2, kwa sababu anaona mstari wote ndio kitu kizima. Huyo hajakosea kugawa, amekosea "moja" ni ipi.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

---

Mama Mapacha

Asante mwalimu. Swali la mzazi asiyejua hesabu: kitabu cha wanangu kimejaa duara zilizokatwakatwa. Wewe hujataja duara kabisa. Lina ubaya?

---

Chaki Nyeupe

Dada, halina ubaya kwa nusu na robo. Mtoto anaona haraka, na duara lina faida kwamba likipungua linaonekana limepungua. Shida inaanza kwenye moja ya tano au moja ya saba: jaribu kuligawa kwa mkono uone. Shida ya pili, duara halikupeleki kokote. Ukanda unalala juu ya mstari wa namba na kugeuka rula, na kwenye rula sehemu inakaa mstari mmoja na 1, 2, 3 kama ndugu zake.

Kwa hiyo ukikutana na duara kitabuni, mwache afanye. Kisha mwambie akuonyeshe jibu lilelile kwenye ukanda.

---

Silabasi Kwanza

Mwalimu mwenzangu, haya ni mazuri kuyasoma. Darasani nina watoto wengi, vipindi vichache, na mtihani haumwulizi mtoto akunje karatasi. Unamwuliza 2/3 + 1/4. Nikiwapa kanuni wanaifanya, wanapata. Nisipowapa, nitaonekana sikufundisha. Kuelewa kutakuja akikua.

---

Chaki Nyeupe

Mkuu, hoja ya muda naiheshimu. Hiyo ya "kuelewa kutakuja akikua" ndiyo siikubali, na kuna ushahidi.

Mwaka 1978 Marekani, kwenye upimaji wao wa kitaifa, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8. Hawakutakiwa kukokotoa, kukadiria tu. Majibu ya kuchagua yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Sasa 12/13 ni karibu moja, 7/8 ni karibu moja, jibu ni karibu 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Asilimia 28 walichagua 19, na 27 walichagua 21. Yaani walijumlisha juu kwa juu, au chini kwa chini, basi. Hao walikuwa wamefundishwa kanuni miaka kadhaa. Walikua, kuelewa hakukuja.

Na mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walitoa utafiti uliofuatilia watoto wa Uingereza na Marekani. Ujuzi wa sehemu na kugawanya mtoto akiwa na miaka kama 10 ulitabiri hisabati yake ya sekondari, aljebra ikiwemo, hata baada ya kuondoa athari za akili ya jumla na kipato cha familia. Kujumlisha na kutoa namba nzima hakukutabiri kwa kiwango hicho. Ndiyo maana nasema hapa si mahali pa kulipua.

Kuhusu wingi wa watoto: kamba moja mbele ya darasa inatosha. Watoto wawili wanashika ncha, 0 na 1. Wengine wanaitwa mmoja mmoja kubana vibanio: weka 3/4, weka 5/8, weka 2/3. Darasa zima linabisha au linakubali. Kipindi kimoja kinapita na umemsikia karibu kila mtu akifikiri.

---

Silabasi Kwanza

Hiyo ya kamba naweza kuijaribu. Lakini 1/2 + 1/3 = 2/5 utaizuia vipi bila kanuni? Kila mwaka naipata.

---

Chaki Nyeupe

Siizuii, naikaribisha. Mwulize aliyeandika: 2/5 iko kabla ya nusu au baada? Aliyezoea mstari ataona ni kabla, kwa sababu mbili na nusu ya tano ndiyo ingekuwa nusu. Basi mwulize: ulikuwa na nusu, ukaongezewa kitu, sasa una pungufu ya nusu? Nyamaza hapo. Acha ajikune kichwa. Kosa aliloliona mwenyewe namna hii halirudi haraka kama lile la wino mwekundu.

Kisha mpe kanda: nusu na theluthi zishikane mwisho kwa mwanzo. Jumla inaangukia wapi? Haiangukii kwenye mkunjo wowote wa nusu wala wa theluthi. Tunahitaji ukanda wenye mikunjo inayogusa vyote viwili, na ukanda uliokunjwa vipande sita unagusa: nusu ni tatu za sita, theluthi ni mbili za sita, jumla tano za sita. Hapo sasa mpe KDS yako, ataipokea kwa mikono miwili kwa sababu anajua inatatua nini.

---

Mjukuu wa Pembetatu

Samahani kuwaingilia, lakini mwanangu amenishinda na hoja. Alipata 7/10 zoezi la kwanza na 8/10 la pili. Mwalimu wake akaandika jumla 15/20. Nilipomfundisha kwamba sehemu hazijumlishwi juu kwa juu na chini kwa chini, akanifungulia daftari: "Mbona mwalimu kafanya hivyo?" Nikakosa jibu. Mwalimu wake kakosea?

---

Rula Fupi

Kakosea, alitakiwa kuandika 15/10.

---

Mjukuu wa Pembetatu

Sasa 15/10 ndiyo nini? Amepata moja na nusu ya mtihani?

---

Chaki Nyeupe

Mkuu Pembetatu, mpe huyo mtoto zawadi. Ameshika swali ambalo vitabu vingi havithubutu kuligusa.

Mwalimu wake hajakosea, na wewe pia hukukosea. Mnafanya mambo mawili tofauti yanayoandikwa kwa alama zilezile.

Kwenye zoezi la kwanza, kitu kizima ni maswali 10. La pili, kitu kizima ni maswali 10 mengine. Mwalimu anapoandika 15/20 ameyaunganisha mazoezi mawili yakawa kitu kizima kipya cha maswali 20, na anauliza: kati ya hayo, mtoto kapata mangapi? "Moja" imebadilika katikati ya safari. Ndiyo maana jibu, robo tatu, limekaa katikati ya 7/10 na 8/10. Tazameni hilo: jumla gani hiyo inayokuwa ndogo kuliko 8/10 ambayo ni moja ya vitu vilivyojumlishwa? Si jumla ya namba, ni kuchanganya makundi.

Tunapojumlisha sehemu kama namba, "moja" haibadiliki. Ukanda ni uleule. 7/10 ya ukanda ukiendelea mbele kwa 8/10 ya ukanda uleule, unafika 15/10, yaani moja na nusu. Rula Fupi kakokotoa sawa, ila katika hadithi ya mtihani hakuna kitu kinachoitwa hivyo, isipokuwa tukisema amepata alama zenye uzito wa zoezi moja na nusu, jambo ambalo si uongo.

Ukitaka mtoto aone tofauti ilivyo kubwa, mpe makundi yasiyolingana. Zoezi la kwanza lina maswali 2, kapata 1. La pili lina maswali 10, kapata 9. Ukiyachanganya ni 10/12. Sasa badili 1/2 kuwa 5/10. Namba ni ileile kabisa kwenye mstari, haijasogea. Changanya tena: 5 na 9 ni 14, kwa 20. Je, 10/12 na 14/20 ni sawa? Hapana, 10/12 inazidi 8/10, na 14/20 ni 7/10 tu. Kumbe njia ya "juu kwa juu, chini kwa chini" inatoa majibu tofauti kwa namba ileile ikiandikwa tofauti. Haiwezi kuwa kujumlisha namba. Inafaa kuchanganya makundi, ambako ukubwa wa kundi una maana.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifuata hoja hiyo. Wa miaka minane mwambie tu: "Hapo mwalimu kaunganisha mazoezi mawili kuwa moja kubwa," inatosha.

---

Mjukuu wa Pembetatu

Nimeisoma mara mbili ndipo ikaingia. Nitamwonyesha daftari lake mwenyewe.

---

Papyri

Nachomekea historia kidogo kwa wenye kupenda. Wamisri wa kale hawakuandika 3/4 kama sisi. Kwenye mafunjo ya Rhind, maandishi yao ya kale ya hesabu yaliyonakiliwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, sehemu karibu zote zina moja juu: 1/2, 1/4, 1/8, ila 2/3 ndiyo ilikuwa na alama yake ya pekee. Robo tatu waliiandika kama nusu na robo.

Inaonekana usumbufu, lakini jaribu kugawa kanda 5 kwa watoto 8. Ukifuata kitabu, kila ukanda unakatwa vipande vinane na kila mtoto anabeba vipande vitano vidogo vidogo. Kwa Kimisri: kanda nne zikatwe nusu, kila mtoto apate nusu. Ukanda uliobaki ukatwe nane. Kila mtoto ana 1/2 na 1/8. Mikato michache, na kila mmoja anaona kapata zaidi kidogo ya nusu.

---

Chaki Nyeupe

Nimeiiba hiyo, Papyri. Tena ukiwaacha watoto wagawe wenyewe bila maelekezo, wengi huanza hivyohivyo: nusu kwanza, kisha wanahangaika na kilichobaki.

---

Rula Fupi

Mwalimu, nami niulize ili nisionekane wa kukosea tu 😅 Kulinganisha mbona hujagusa? Wangu anasema 5/6 na 7/8 ni sawa, "zote zimebakiza moja".

---

Chaki Nyeupe

Huyo yuko karibu sana na ukweli, usimkatishe. Kubakiza ndiyo njia nzuri kuliko zote hapo. Mwulize tu: moja ya nini? 5/6 imebakiza 1/6, 7/8 imebakiza 1/8. Kilichobaki kidogo zaidi ni 1/8, kwa hiyo 7/8 iko karibu zaidi na 1. Kisha mpe 3/5 na 5/7 zilizobakiza mbili mbili aone kama ameelewa au amekariri.

4/9 na 5/8 zipime kwa nusu, moja iko chini yake, nyingine juu. 3/8 na 3/5 zina namba ya juu ileile, basi tazama nani ana vipande vikubwa. Kuzidisha kimshazari (juu ya moja kwa chini ya nyingine) ni kwa ajili ya zile zinazogoma kabisa.

---

Silabasi Kwanza

Nakubali nimeanza kuvutwa. Nipe kugawanya: "geuza ya pili chini juu kisha zidisha". Hiyo sijawahi kumweleza mtoto sababu yake, na sijawahi kuulizwa pia.

---

Chaki Nyeupe

Hauko peke yako mkuu. Mtafiti Liping Ma alichapisha mwaka 1999 ulinganisho wa walimu wa msingi wa Marekani na China. Aliwapa 1¾ ÷ ½. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 9 tu walikokotoa hadi jibu kamili sahihi. Wale 72 wa China walipata wote. Walipoombwa kutunga hadithi inayolingana na hesabu hiyo, pengo likawa kubwa zaidi. Kosa lililojirudia ni kutunga hadithi ya kugawa kwa mbili, yaani kuchukua nusu ya 1¾, badala ya kugawa kwa nusu.

Hadithi yangu ni ya maji. Una lita 1¾, na chombo cha nusu lita. Utajaza vyombo vingapi? Wanajaza kwa macho: kimoja, viwili, vitatu, hapo lita moja na nusu imeisha, imebaki robo lita. Darasa litaandika 3¼. Usifute. Uliza: hiyo robo ni robo ya nini? Ni robo ya lita. Lakini tulikuwa tunahesabu vyombo, si lita. Robo lita kwenye chombo cha nusu lita inafika wapi? Nusu yake. Jibu ni vyombo 3½. Mnaona swali la "moja ni ipi" limerudi tena kwa mlango mwingine.

Kabla ya kugeuza chini juu nawapa asili, yaani namba za chini, zinazofanana. 1¾ ni robo 7. Nusu ni robo 2. Robo 7 zina robo 2 mara ngapi? 7 ÷ 2, tatu na nusu. Kugeuza kunakuja baadaye kwa njia ya mkato: katika lita 1 mna vyombo 2, basi katika lita 1¾ mna 1¾ mara 2.

Kuzidisha sitakaa sana. Mstatili mmoja, gawa upande mmoja tatu, mwingine tano, tia rangi 2/3 ya 4/5, hesabu vyumba: 8 kati ya 15. Mhakikishie tu mtoto kwamba jibu kuwa dogo kuliko 4/5 si kosa, maana tangu aanze shule kuzidisha kumekuwa kukuza.

---

Mama Mapacha

Mwalimu nimerudi. Tulikunja karatasi, tukaweka mstari sakafuni, wamefurahi. Wanajua 1/2 na 2/4 ni sawa. Tatizo: nimewapa 4/6 na 6/9 nilizoziona kitabuni. Mmoja anasema si sawa kwa sababu "4 huwezi kuizidisha ifike 6". Mwenzake anasema ni sawa ila hawezi kueleza. Wanagombana mpaka sasa.

---

Chaki Nyeupe

Waache wagombane kidogo, dada, ugomvi wa namna hiyo ni wa faida.

Yule wa kwanza amekariri kwamba sehemu zilizo sawa hupatikana kwa kuzidisha moja ufike nyingine kwa namba nzima. Kweli kwa 1/2 na 2/4, lakini 4/6 na 6/9 hazifikiani moja kwa moja kwa njia hiyo. Zina mzazi mmoja, 2/3.

Toa kanda mbili, zote zikunjwe theluthi na tia rangi theluthi mbili kwa kila mmoja. Wakubali kwanza kwamba rangi ni sawasawa. Sasa ukanda wa kwanza, kila theluthi ikatwe mbili kwa penseli. Wahesabu: vipande 6, vya rangi 4. Ukanda wa pili, kila theluthi ikatwe tatu: vipande 9, vya rangi 6. Rangi haijaongezwa wala kupunguzwa. Yule wa pili atapata maneno aliyoyakosa.

Wakishaelewana wape 6/8 na 9/12, halafu 4/6 na 6/8. Jozi moja ni sawa, nyingine si sawa. Usiwaambie ipi ni ipi.